Waliokwenda Ulaya, mbona hawatuandikii?

Hakuna mwaka unaopita bila ya vijana wetu kupanda ndege kwenda kusoma ng'ambo. Jamaa hukusanyika, michango huchangwa, mbuzi huchinjwa, wazee huomba dua, na kijana huondoka na sanduku lenye unga, majani ya chai na kanga mbili tatu za kuwatunzia wenyeji wake. Baada ya hapo ni kimya. Sisemi kimya cha simu, maana siku hizi simu hazina likizo. Picha ya theluji hufika Kitale kabla theluji yenyewe haijagusa chini. Nasema kimya cha maelezo. Kijana hukaa na watu miaka mitatu au minne, hula nao, hugombana nao juu ya zamu ya kuosha choo, huhudhuria harusi zao na maziko yao, kisha hurudi na shahada yake. Ukimwuliza wale watu wakoje, hukujibu: "Kule ni baridi."

Nami nilikuwa miongoni mwa waliokwenda. Nilisoma Bayreuth, mji wa watu wapatao 75,000 katika jimbo la Bavaria, Ujerumani. Wajerumani wanaujua mji huo kwa sababu ya Richard Wagner, mtunzi wa opera, ambaye alifungua jumba lake la maonyesho pale mwaka 1876, na hadi leo kila kiangazi wakubwa na matajiri humiminika kwenda kusikiliza kazi zake kwa saa tano mfululizo juu ya viti vigumu. Sisi Waafrika twaujua kwa sababu nyingine. Chuo kikuu chake, kilichofunguliwa mwaka 1975, kimeyafanya masomo ya Afrika kuwa moja ya nguzo zake. Mwaka 1981 ikaanzishwa pale Iwalewahaus, nyumba ya sanaa za Kiafrika, chini ya Ulli Beier, yule Mjerumani aliyefanya kazi miaka mingi Nigeria. Jina la nyumba hiyo limetoka katika Kiyoruba, na maana yake ni kwamba tabia ndiyo uzuri. Kiswahili kinafundishwa chuoni hapo, na tangu miaka ya 1980 wataalamu wa lugha yetu hukutana pale kila mwaka kuijadili. Nimemsikia binti wa Kibavaria akitamka "ng'ombe" sawasawa kuliko mtangazaji fulani wa Nairobi, lakini hayo tuyaache.

Sasa mwanafunzi Mwafrika akifika Ulaya hakawii kuitwa kwenye kitu kiitwacho "jioni ya Kiafrika". Mara inaandaliwa na kanisa, mara na shule, mara na chama cha akina mama wa mtaa. Nia yao ni njema na sina ugomvi nayo. Lakini utaratibu ni ule ule, mwaka nenda mwaka rudi: mgeni apike, mgeni avae kitenge, mgeni apige ngoma, halafu mgeni aeleze habari za njaa na simba. Mimi ngoma sijui kupiga. Nimelelewa Malindi na baba mwalimu wa hesabu, na chombo pekee nilichopata kukipiga kwa ufundi ni kengele ya baiskeli. Basi nilipoalikwa mara ya tatu, katika ukumbi wa kanisa wa kijiji kimoja kisicho mbali na Bayreuth, nilijibu kwamba nitakuja na nitapika pilau, ila badala ya ngoma nitawasomea kitabu. Wakauliza, kitabu gani? Nikawaambia: maneno aliyoandika mtu wa Unguja kuhusu nyinyi.

Mtu huyo ni Amur bin Nasur, na hapana budi nimweleze, kwa kuwa shuleni kwetu hatajwi. Mwaka 1887 palifunguliwa mjini Berlin chuo cha lugha za mashariki. Serikali ya Kaizari ilikitumia kuwatayarisha maofisa waliokuwa wakienda kutawala, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizofundishwa. Walimu wa Kijerumani walihitaji wenye lugha yao, kwa hiyo wakaletwa watu wa pwani kuwasaidia. Amur alikuwa mmoja wa hao katika miaka ya mwanzo ya 1890. Aliandika habari za maisha yake na za mji wa Berlin kama alivyouona, na maandishi hayo yakatiwa katika mkusanyo wa Kiswahili wa mmisionari C. G. Büttner uliotoka mwaka 1894.

Jioni ile nilisoma Kiswahili kwanza, kisha tafsiri yake ya Kijerumani. Watu waliokuja kutazama mgeni akitikisa mabega walinyamaza. Nilipofika mwisho, mzee mmoja aliyekaa nyuma, mikono yake mikubwa ya mkulima imekunjwa juu ya meza, akauliza: "Kwa hiyo alituonaje?" Nikamweleza. Hapo mzee akanigeukia mimi: "Na wewe je?" Basi tukakaa. Waliuliza kwa nini nilishangaa kwamba maduka yao hufungwa Jumapili. Waliuliza kama ni kweli kwetu mtu huweza kupisha hodi bila ya kuagana siku. Pilau ilipoa sahanini, na mwenye funguo za ukumbi akaanza kuzima taa moja moja ili tuelewe. Hayo ndiyo ninayoyaita mabadilishano. Yale ya kwanza, ya ngoma na kitenge, ni tamasha.

Amur hakuwa peke yake. Salim bin Abakari alifuatana na Mjerumani Bumiller mwaka 1896 hadi Urusi na Siberia, na akaandika safari hiyo yote kwa Kiswahili. Hebu fikiri, msomaji: katika karne ya kumi na tisa mtu wa pwani yetu anaueleza kwa lugha yetu uwanda wa Siberia, watu wake, chakula chao, na Waislamu wenziwe aliowakuta huko mbali. Habari zake zimo katika kitabu Safari za Wasuaheli alichokitoa Carl Velten mwaka 1901. Na yupo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Dunda, karibu na Bagamoyo, aliyefundisha Berlin kuanzia mwaka 1900 na ambaye mkono wake ndio ulioandika sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapwa mwaka 1903 na kinachosomwa hadi leo. Mtoro alioa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 walisafiri pamoja kurudi kwao, na walipofika Dar es Salaam wakuu wa koloni hawakukubali mke wake ashuke pwani. Ikambidi arudi Ulaya. Alifia Berlin mwaka 1927.

Tusijidanganye kuhusu asili ya vitabu hivyo. Havikuandikwa kwa ajili ya mtoto wa Lamu wala wa Bagamoyo. Vilikusanywa ili ofisa wa Kijerumani ajifunze lugha na kuitumia kutoa amri. Lakini watu watatu hao walikuwa na macho, na walichokiona walikitia katika Kiswahili, pasipo kumwomba mtu radhi. Mzungu kwao alikuwa kitu cha kutazamwa na kuelezwa.

Wengine walifanya kinyume chake. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Unguja, aliyekuwa Bibi Emily Ruete baada ya kuolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, alitoa kumbukumbu zake mwaka 1886. Aliziandika kwa Kijerumani, akiwaeleza Wajerumani jinsi Waarabu wa Unguja walivyoishi. Wakati wa likizo moja nilipanda treni hadi Hamburg kulizuru kaburi lake katika makaburi ya Ohlsdorf, mahali pakubwa kiasi kwamba mabasi ya abiria hupita ndani yake. Nilisimama pale nikiwaza kwamba mwanamke huyu alikaa kati ya Wazungu miaka mingi sana, lakini sisi wa huku hatukupata kusoma kwa lugha yetu hata ukurasa mmoja aliotuandikia juu yao. Mzee Jomo Kenyatta naye alisoma London katika miaka ya 1930 chini ya Malinowski, akatoa kitabu chake mashuhuri mwaka 1938. Kitabu hicho chaeleza Wagikuyu kwa Waingereza. Kuhusu Waingereza hakutuachia kitabu cha namna hiyo, ingawa aliishi nao zaidi ya miaka kumi na bila shaka alikuwa na mengi ya kusema. Jirani zetu Waganda walitutangulia hapo: Ham Mukasa alipofuatana na Katikiro Apolo Kagwa kwenda Uingereza mwaka 1902, kwenye kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, aliandika kwa Kiganda karibu kila alichokiona.

Basi tumekuwa watu wa kujieleza. Msomi wetu akiandika, humweleza Mwafrika kwa Mzungu. Tasnifu yake huhusu kijiji cha nyanya yake, na msimamizi wake huko Ulaya hufurahi. Nani atatueleza kijiji cha msimamizi?

Wala si kwamba hakuna la kueleza. Dada wa kijana tuliyepanga naye nyumba moja alikuwa akiolewa, nikaalikwa kwao katika mkesha wa harusi. Huko wana desturi ya kuvunja vyombo. Jirani, shangazi, rafiki wa shule, kila mmoja anakuja na sahani kuukuu, vikombe visivyo na mikono, mabakuli, hata sinki la choo nililoliona likishushwa kutoka kwenye trela ya trekta, na vyote hupigwa chini mbele ya nyumba kwa kelele na vicheko. Bilauri na vioo havivunjwi. Hiyo ni nuksi. Wasemavyo, kelele hufukuza shari. Halafu bwana na bibi arusi hupewa mifagio wazoe vigae vyote pamoja, nao rafiki zao huzunguka nyuma na kuvimwaga tena ili kazi isiishe. Bibi wa bibi arusi, mwenye miaka zaidi ya themanini, alinivuta kando akaniuliza: "Kwenu mnavunja nini?" Nikamwambia hatuvunji kitu, usiku huo wanawake hukesha, bibi arusi hupakwa hina, na nyimbo zinazoimbwa pale wanaume hawaruhusiwi kuzisikia. Akafikiri. "Sasa wale wawili," akasema, "wanajifunza lini kufagia pamoja?" Nilimjibu kwamba kwetu bwana arusi hafagii. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba ndoa imefungwa bila mashahidi.

Jambo jingine lilitokea tarehe 6 Januari, sikukuu ya wafalme watatu waliokwenda kumzuru Yesu mchanga. Siku hizo watoto wa Kikatoliki huvaa mataji ya karatasi, hupita nyumba kwa nyumba wakiimba, huandika kwa chaki juu ya mlango baraka ya mwaka mpya, na hukusanya fedha kwa ajili ya watoto wa nchi maskini. Kwa mapokeo, mmoja wa wafalme alikuwa mweusi, kwa hiyo mtoto mmoja alipakwa masizi usoni. Miaka ya karibuni waandalizi wenyewe wameshauri jambo hilo liachwe, lakini kijiji ni kijiji. Nilifungua mlango. Wafalme watatu mbele yangu, na yule wa masizi, mvulana wa miaka minane hivi, kinywa wazi. Kisanduku chao kilikuwa na picha ya mtoto wa Kiafrika akicheka. Mama aliyewasindikiza akaiva uso kama nyanya. Nikatia euro mbili kisandukuni, nikamwuliza mfalme mweusi ametoka wapi. "Kutoka mashariki," akajibu kama alivyofunzwa. Nikamwambia hata mimi. Wenzangu niliowahadithia, wengine walikasirika kwa niaba yangu, na sikuwalaumu. Mimi nilicheka. Lakini nilipofunga mlango nilikaa muda mrefu nikikitazama kile kisanduku akilini: pesa ile ilikuwa inakwenda kwetu.

Na liko jambo la chupa. Ukinunua maji au soda kwa chupa ya plastiki Ujerumani, unalipa amana ya senti 25 za euro, nawe unarudishiwa ukiirudisha chupa dukani. Ni mpango wa busara, na barabara zao ni safi kwa ajili yake. Lakini nenda kituo cha treni usiku. Utamwona mzee wa miaka sabini na kitu, koti lake safi, viatu vimepigwa rangi, akimulika pipa la taka kwa tochi ndogo, akichagua chupa moja moja na kuzitia mfukoni. Mtu huyo alifanya kazi maisha yake yote katika nchi yenye uchumi mkubwa kuliko zote za Ulaya. Nilimwona Bayreuth, nikamwona Berlin, nikamwona Hamburg. Picha yake sijaona ikitumwa nyumbani na mwanafunzi hata mmoja. Hutumwa picha ya kanisa kuu la Cologne.

Kwa nini? Wapo watakaosema vijana wa leo hawaandiki kwa sababu wana video. Ni kweli wapo wanaojirekodi, na baadhi yao wana jicho. Lakini video ya dakika mbili haina nafasi ya yule bibi na swali lake la ufagio. Nami nadhani sababu yenyewe iko mbali na video. Mwanafunzi haandiki kwa kuwa akitaka kuandika kweli, itambidi aandike kwamba anaosha sahani. Nyumbani ng'ombe waliuzwa, pengine na kipande cha shamba. Mjomba alichanga, kanisa likachanga. Je, ataandika kwamba anaamka saa kumi alfajiri kupanga mikate dukani, ndipo aende darasani? Aandike kwamba kuna Jumapili ambazo hakusema neno na binadamu yeyote tangu asubuhi hadi usiku? Afadhali picha ya theluji. Naye mdogo wake akiiona picha hiyo, hujiandaa kwenda.

Hapo ndipo kimya hiki kinapokuwa si suala la fasihi tu. Mwaka 2023 wazazi wa kaunti ya Uasin Gishu waliandamana Eldoret wakidai pesa walizokuwa wamelipa ili watoto wao wakasome Finland na Canada. Wengi walikuwa wamelipa mamia ya maelfu ya shilingi. Mambo yakafika mahakamani mwaka huo huo. Nani alikosa na nani hakukosa, hilo si la ukurasa huu. Ninachouliza ni hiki: mzazi wa Moiben au Turbo, kabla hajauza shamba, angesoma wapi kwa lugha anayoielewa vizuri kwamba tangu mwaka 2017 Finland huwatoza karo wanafunzi watokao nje ya Ulaya wanaosoma kwa Kiingereza? Angejuaje kwamba Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi karo, lakini ili mtoto apate viza kwa kawaida huna budi kuonyesha fedha zilizofungiwa benki, ambazo mnamo Septemba 2024 zilipandishwa hadi euro 11,904 kwa mwaka? Angejuaje kwamba sheria huweka kikomo cha siku anazoruhusiwa mwanafunzi mgeni kufanya kazi, na kwamba kodi ya chumba humeza karibu nusu ya anachokipata? Habari hizi si za siri. Zimo katika tovuti za serikali zao, kwa Kijerumani na Kiingereza cha ofisini. Kwa Kiswahili, mzazi huzipata kwa wakala mwenye chumba orofa ya pili, naye wakala ana sababu zake za kueleza nusu.

Hao wanafunzi wetu walioko Bayreuth, Leipzig, Tampere, Leeds na Warsaw wanayajua hayo yote hadi senti ya mwisho. Wanajua pia mengi ambayo ofisi haiwezi kuyajua: kwamba Bavaria mtu husalimu kwa jina la Mungu hata kama hamwamini, kwamba siku yako ya kuzaliwa wewe ndiwe unayewanunulia wenzako keki, kwamba kumpongeza mtu kabla ya siku yenyewe ni kumtakia mkosi, kwamba Jumapili ukiwasha mashine ya kufua jirani atakuja kugonga, na kwamba jirani huyo huyo ukiugua atakuletea supu mlangoni na kuondoka kabla hujashukuru.

Basi nasema hivi. Kaunti zetu hutoa basari, na kabla ya kutoa hudai barua ya chifu, barua ya kasisi au imamu, na nakala za vyeti vyote tangu darasa la nane. Zidai na jambo moja zaidi kwa wanaokwenda ng'ambo: mwanafunzi akirudi, au hata kabla hajarudi, alete kurasa kumi za Kiswahili juu ya watu aliokaa nao. Si ripoti. Kurasa kumi za habari, kwa mkono akipenda, ziwekwe katika maktaba ya kaunti mahali ambapo mzazi anaweza kuingia na kuomba kuzisoma. Magazeti nayo yafungue safu. Ukurasa huu ungekuwa mahali pazuri pa kuanzia. Na mwanafunzi asituanzie na kanisa kuu la Cologne. Aanze na bei ya chumba, na ni nani aliyemfundisha kuwasha hita.